Mtu Anayemkasirisha Mwalimu

Kila jioni jirani wa Nasrin, mwalimu wa historia pale chuoni Iringa, huketi barazani akisoma vijitabu vya Waingereza wa kale, vya siasa, dini na biashara. Hulamba kidole, hufunua ukurasa, kisha hukipiga kijitabu kwa mgongo wa mkono. “Mwongo! Umeficha ngano ghalani, halafu unatuhubiria!” Chai yake hupoa hadi inzi huogelea humo. Leo Nasrin, anayeuza mchele wa Ubaruku na anayewajua walanguzi, uvumilivu ulimwishia.

“Mwalimu, huyo mtu anakaa wapi, tumfuate?”

“Alishakufa. Miaka mia nne sasa.”

“Inna lillahi! Basi msamehe, Mwalimu. Hata arobaini yake imeshapita.”

Mwalimu alivua miwani, akafikiri, akaivaa tena. “Kweli, dada Nasrin. Marehemu hasemwi vibaya.” Akalamba kidole, akafunua ukurasa.

“Mwongo!”