Mayai Meupe kwenye Bakuli la Mama

Kuku wa mama walikuwa wanne, wote wekundu, na wote walitaga mayai ya rangi ya udongo. Tulipokwenda mji wa Gahanna wiki mbili kumlea dada yangu aliyejifungua, tulimwachia jirani ufunguo awalishe, na mayai ayaweke kwenye bakuli la jikoni. Jirani huyo ni Mtanzania wa rika langu. Ndiye pia anayekaa na binti yangu kila siku baada ya shule, hadi nitoke ghalani ninakofanya kazi.

Tuliporudi nyumbani Louisville, mama hakuvua hata koti. Alilifuata bakuli. Mayai ya juu yalikuwa meupe pe, yale ya dukani. Ya kwake yalikuwa machache, chini kabisa.

"Ule mwanamke alikula mayai yangu," alisema. "Bon, akasikia haya, akanunua ingine kwa magasin."

Akatoka kwenda nyuma ya nyumba. Bandani manyoya yalikuwa yametapakaa kila pembe, na kuku mmoja shingo iko wazi. Kiota kitupu. Mama aliokota manyoya akanionyesha kama askari anayeonyesha kielelezo.

"Alikuwa anazikimbiza. Angalia! Kuku yenye uoga haiwezi kuzaa."

Mama amefuga kuku Kivu tangu akiwa msichana, na mimi kuku namjua akiwa sahanini. Nilichojua ni kwamba nikimpoteza jirani yule, mwanangu hana pa kukaa, na mimi sina kazi. Niliogopa, na nilimkasirikia mama kwa kuniogopesha.

Kesho yake tulikutana na jirani kwenye kituo cha basi, hapa hapa mtaani Beechmont. "Shikamoo, mama," alisema, akiinama kidogo kama kawaida yake. Kwetu salamu hiyo hatuna mazoea nayo, lakini mama alikuwa ameshajifunza kuiitikia, tena kwa madaha. Siku hiyo aliiangalia barabara tu. Jirani akasubiri, kisha akanitazama mimi. Nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Jumapili ikawa vile vile, mlangoni petu, mbele ya binti yangu. Mtoto akaniuliza kwa Kiingereza bibi ana nini. Nikamwambia avae viatu.

Kuku nao wakazidi kutuaibisha. Tulikuwa tumesharudi, hakuna wa kuwakimbiza, na bado hawakutaga hata yai moja. Mama akasema wameshazoea uoga. Akaamua baada ya chakula ataenda kumwambia jirani ukweli usoni, arudishe ufunguo. Nikamwomba ampigie kwanza kaka yangu aliyeko Buffalo, maana naye anafuga. Nilitaka tu achelewe.

Mama akamwaga malalamiko yote kwenye simu. Kaka akacheka hadi akakohoa.

"Mama, zangu ziliacha kuzaa mbele ya zako. Huku jua linapunguka mbio kuliko kwenu. Ni jua, haiko mtu."

"Jua gani? Nimefuga kuku miaka yote."

"Kwetu jua linatoka saa kumi na mbili, linaingia saa kumi na mbili, mwaka muzima. Donc kuku haina sababu ya kuacha. Hapa angalia saa. Ikikosa mwanga mrefu inapumzika. Inatupa manyoya ya zamani, inaota mapya. Jua likianza kurefuka, itazaa."

Mama akatazama dirishani. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni na nje giza limeshaingia. Kule bandani kuku walikuwa wamelala zamani. Aliweka simu mezani bila kuaga.

"Na mayai meupe?" alisema, kwa sauti ndogo.

Akachukua koti. Nikamfuata mbio, maana kwa mama yangu koti halisemi anakwenda kugomba au kupatana.

Jirani alifungua mlango, akatuona, akarudi nyuma hatua moja. "Shikamoo, mama," alisema. Kabla mama hajaitikia, yule dada wa watu akaanza kulia.

"Mayai meupe ni mimi, mama. Waliacha kutaga, sijui niliwafanya nini. Nikaona mkirudi bakuli tupu mtasema nimeiba. Dukani nikanunua yaliyokuwepo. Sikuwaza kabisa kama utaangalia rangi."

Mama alisimama pale kizingitini, ameushika ukosi wa koti lake. Wiki nzima alikuwa amemfanya mtu huyu mwizi, na mtu huyu alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba ndivyo atakavyofanywa.

"Marahaba," mama alisema. "Na ile ya kwa basi. Na ile ya siku ya Mungu. Zote, mwanangu. Marahaba."