Mandazi ya Maman Nabintu, Safari Hii Bila Ngano

Ndizi mbivu zikikutana na mafuta ya mawese yaliyoshika moto, hutoa harufu isiyoomba ruhusa. Jumapili iliyopita iliingia mpaka sebuleni, ambako nimetundika diplome zangu mbili za Ulaya, ikanirudisha utotoni kabla sijamaliza kukaanga. Niliondoka Bukavu na begi moja. Leo nimerudi, nina nyumba ya orofa inayoangalia ziwa, na hakuna tonton, mjomba mwenye cheo, aliyenishika mkono. Lakini siku hiyo fahari yangu yote ilikuwa kwenye karai.

Nilipokuwa mdogo, jirani yetu Maman Nabintu alikaanga mandazi ya ngano kando ya njia ya kwenda soko la Nyawera. Yalikuwa ya mviringo, makavu kidogo juu, laini na ya moto ndani. Kila asubuhi nikienda shule alinichagulia lile kubwa, akisema kichwa changu kina mambo mengi na lazima kilishwe. Aliona mbali, mama huyo.

Kisha tumbo langu likaanza kuvimba, miguu ikakonda, nikawa nalala darasani. Katika mji wetu, mtoto akikonda huku tumbo linajaa, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza alikula kwa nani. Walinong'ona karuho, sumu inayoua polepole. Mama yangu hakumshitaki mtu. Alinipeleka tu Walungu kwa bibi, nikala bugali ya muhogo, maharagwe na viazi vitamu, na mashavu yakarudi. Kwa mtaa mzima huo ukawa ushahidi: nimepona mbali na mandazi ya Maman Nabintu, basi ni yeye. Niliporudi, besani yake ya mandazi ilikuwa bado imejaa hata watu walipokuwa wametoka misa, hakuna aliyenunua. Mama alinivuta mkono tukapita.

Nikiwa mtu mzima, Ulaya, daktari alinieleza kwamba mwili wangu haupatani na gluteni, kitu kilichomo ndani ya ngano. Akauliza kama niliwahi kuumwa utotoni. Nilikuwa naiona ile besani.

Niliporudi nyumbani niliamua kuyapika mandazi yale upya, bila ngano, nimpelekee Maman Nabintu pamoja na maneno yangu. Ya kwanza yalikunywa mafuta yote. Ya pili kuku wa jirani aliyazunguka, akayatazama, akaenda zake. Lakini mimi si mtu wa kushindwa na unga. Mwishowe niliijua siri: ndizi ziive mpaka ganda liwe jeusi, zipondwe zilegee zenyewe, ndipo uingie unga wa muhogo uliochekechwa vizuri, bila tone la maji.

Nilimwomba Mama twende wote. Alikubali. Maman Nabintu, mzee sasa, alinisikiliza nikieleza ngano, tumbo na daktari, kisha akacheka mpaka akafuta macho.

"Kumbe ulisomaka miaka yote ile ku Bulaya, ili ukuje kunifundisha mandazi?"

Kwetu, anayeleta chakula huonja kwanza, mwenyeji aone kwamba ni salama. Mama akanyoosha mkono kuchukua la kwanza. Maman Nabintu akamshika kiganja, taratibu.

"Acha, maman. Miye sikuogopaka chakula yako hata siku moja."

Akachukua lile kubwa, akala. Mama akakaa karibu naye kwenye mkeka.

Nikakumbuka kwamba baada ya Walungu, kila tulipopita, Maman Nabintu aligeuka akajishughulisha na moto wake, asiniite. Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani amenichukia. Kumbe alikuwa anamwachia mama yangu njia, apite na mtoto wake bila kulazimika kuyakataa mandazi yake.