Kadi ya Kujaza

Fundi cherehani alikuwa hajafungua mdomo, na mumewe alishamjibia maswali yote ya karani wa benki.

"Mpe kadi ya kujaza," mume alisema. "Nitakuwa namwekea kidogo kidogo, ikiisha imeisha. Hii inayochota moja kwa moja kwenye akaunti ataimaliza wiki hii hii. Mama watoto namjua, pesa kwake hazikai."

Pesa za akaunti ile zilitokana na sare za shule alizoshona fundi mpaka mgongo ukagoma kunyooka, huku bwana huyu ameota mizizi kwenye kochi akisubiri chai. Leo anataka kumpimia, kama fundi mwenyewe anavyompimia mwanafunzi mgeni wa cherehani asiyemwamini bado: anamkatia kitambaa cha mfuko tu, jora zima linabaki kwa fundi.

Karani akamsogezea mume fomu. Fundi akaikandamiza mezani kwa kiganja.

"Dada, mwenye jora ni mimi," alisema bila kupaza sauti. "Kadi ya akaunti niandikie mimi. Hiyo ya kujaza mpe baba watoto. Nitakuwa namwekea kidogo kidogo. Ikiisha, imeisha."