Mke Mwenza wa Mama

Nyumbani kwetu Miyuji gari lilikunywa maji matamu, sisi tukanywa ya chumvi. Mgeni akikunja uso kwa ladha ya chai, mama alimwonyesha pikapu uani. "Muulize mke mwenzangu."

Baba alikuwa na sababu zake. Zamani alijaza rejeta maji ya kisima, kama kila mtu hapa. Chumvi ikaganda humo ndani, ukoko mweupe kama wa birika, injini ikachemka, gasketi ikaungua. Na iliungua akimpeleka mama kujifungua. Mdogo wangu akazaliwa kwenye kiti cha mbele pale Ihumwa, mbuzi wanatazama. Tangu hapo baba akawa anakinga mvua kwenye madumu na kuyafungia stoo, na ole wako uyaguse. Kila asubuhi, injini ikiwa bado baridi, alifungua mfuniko, akachungulia, akaongeza kidogo. Nilimnunulia kulanti, ile dawa ya rejeta, akauliza ataichanganya na maji yapi. Ubishi ule uliniudhi sana. Gari lenyewe kuukuu, linabembelezwa kama bibi harusi.

Kiangazi kimoja mama akaugua, maji ya chumvi yakamshinda. Akinywa, anatapika. Ya chupa alisema yananuka plastiki. Yeye ni mtoto wa milima ya Kondoa, amekulia kwenye chemchemi. Stoo lilikuwa limebaki dumu moja, na mvua bado iko mbali. Na kila wiki ilibidi apelekwe hospitali kwa pikapu ile ile. Baba hakujadiliana na mtu. Kila alfajiri, kabla ya kwenda msikitini, akawa anamwekea mama jagi la maji ya mvua kando ya kitanda.

Alfajiri moja nilimkuta mama stoo, bega moja ameegemeza ukutani, anarudisha maji ya jagi kwenye dumu. Nilipandwa na hasira.

"Mama! Daktari si amesema unywe?"

"Nimekunywa, mwanangu. Haya ni ya mke mwenzangu. Akiungua tena, baba yako atanibeba mgongoni? Na usimwambie."

Nilimwambia. Baba aliporudi nilimkuta ameinamia rejeta, nikamwamkia, nikamweleza yote. Hata hakushtuka.

"Najua," alisema. "Dumu nalinyanyua kila siku, uzito wake nitakosaje kuujua?"

"Sasa mbona unamwachia, baba?"

Alikaza mfuniko, akajifuta mikono taratibu. Ukali wake wote wa miaka ile nilimsamehe pale pale, maana sauti aliyonijibu nayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Anataka na yeye alitunze gari. Nimkataze? Lile jagi la kwanza lilikuwa dogo. Nilipoona anakunywa nusu, anarudisha nusu, nilikwenda sokoni nikanunua kubwa."