Televisheni ya Mama

Juzi nilipita kwa fundi mmoja hapa Riruta kuchukua pasi yangu, nikamkuta amefungua televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, ameiwasha ikiwa uchi. Vumbi la ndani lilikuwa limepata joto. Harufu ile ilinipanda puani na papo hapo nikapandwa na hasira, hata fundi akaniuliza kama amenichelewesha. Nikamwambia hapana. Hasira yangu haikuwa na yeye, ilikuwa na baba yangu, na kwa vile nimekaa nayo miaka mingi, leo mtanivumilia niiteme.

Televisheni ya nyumbani ilikuwa ya mama. Sisemi yetu. Tulikuwa tukikaa kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, na mama alikuwa msusi Kenyatta Market, soko la wasusi na wachoma nyama. Alisimama kutwa, vidole vimeiva kwa maji moto ya kuchovyea rasta, na jioni alirudi nguo zikinuka moshi wa nyama choma ambayo hakuonja. Kwa vidole hivyo aliinunua kabla mimi sijaanza shule. Akaifumia kitambaa cheupe cha kroshia chenye maua pembeni, na kila Jumamosi kilifuliwa na kuanikwa. Picha ikichafuka, baba alitoka nje kuzungusha eriali, mama akimwelekeza kutoka dirishani: rudisha kidogo, hapo hapo, wacha hivyo. Nadhani hiyo ndiyo kazi pekee ambayo baba aliwahi kufanya kwa kuelekezwa na mama.

Basi yakaanza maneno ya dijitali. Redioni, magazetini, kinyozini, kila mtu alisema mitambo mipya inakuja na ile ya zamani, analogi, itazimwa. Itazimwa lini? Hapo kila mtu alikuwa na jibu lake. Lakini mjuaji kuliko wote alikuwa Anko Muriuki, mdogo wake baba, aliyekuwa na kibanda cha vifaa vya umeme huko mjini, simu mbili kiunoni na maneno mengi kuliko bidhaa. Jumamosi moja alikuja, akanywa chai yetu, akaielekezea televisheni kijiti cha meno.

"Hiyo kitu, analogi ikizimwa, ni ya kufugia kuku. Nipee saa hii ikiwa bado na bei. Nakuachia dikoda, na TV flat nakuletea next week."

Baba alipenda sana kuwa mtu wa kwanza. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema, na wakaibeba wawili, mmoja huku na mwingine kule, mpaka kwenye pikapu.

Mama hakuwepo. Alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

Na hapo ndipo penye kidonda. Kwaya ya kanisa letu ilikuwa imeitwa studio mjini, ikarekodiwa kwa kipindi cha nyimbo cha Jumapili alasiri, na ubeti wa pili mama aliimba peke yake. Mama yangu huyu, ambaye hata kwenye picha ya harusi yake nusu ya uso imezibwa na kofia ya shangazi. Wateja wake wote walikuwa wameambiwa. Kilichobaki ilikuwa ni kuonyeshwa tu, Jumapili mbili mbele.

Aliporudi, alikuta kwenye meza ile dikoda, kisanduku kisichozidi Biblia kwa ukubwa, na baba amesimama kando yake kama bwana harusi.

"Tumeingia dijitali, Mama Njeri."

Mama alikitazama. "Na inaonyeshea wapi?"

"TV inakuja wiki ijayo."

Mama aliokota kitambaa chake kilichokuwa kimetupwa kwenye kiti, akakunguta vumbi, akakifunika kile kisanduku. Kitambaa kikakishinda, kikaning'inia mpaka karibu na sakafu. Mimi nilicheka. Nilikuwa mtoto, na msiba niliouona mimi ulikuwa wa katuni zangu.

Wiki ijayo ikafika bila televisheni. Mzigo umekwama bandarini, akasema Anko. Baadaye simu zake zote mbili zikawa hazipatikani.

Jumapili ya mama ikafika hivyo hivyo. Ploti nzima ilijazana kwa jirani yetu Mama Kevo, watoto chini, watu wazima ukutani. Mama alikuwa nje anaanua nguo. Baba alikuwa amekaa ndani kwetu, karibu na mlango uliokuwa wazi, akisoma gazeti la jana.

"Mama Njeri, kuja ujione!" Mama Kevo akaita.

"Nakuja. Wacha nimalize hizi nguo."

Nguo zilikuwa zimekauka tangu saa sita. Nilitoka nikamvuta mkono, akaniondoa taratibu. "Nenda wewe uangalie, utaniambia." Basi nikarudi, na nikamwona, amevaa joho la kwaya, anaimba ule ubeti, na chumba chote kikanyamaza. Nilipochungulia dirishani nilimwona mama mwenyewe amesimama kwenye kamba, kibanio mdomoni, anajisikiliza. Ubeti ulipokwisha, akaendelea kuanua.

Jioni, akinichania nywele, aliniuliza alionekanaje. Nikamwambia kola ilikuwa imeenda upande.

"Na uso?"

"Uso ulikuwa sawa."

Hayo ndiyo yote aliyopata.

Wakati huo niliamini kwamba kweli ni nguo zilizomzuia. Nilikuja kuelewa nikiwa mke wa mtu. Angeingia kwa Mama Kevo, ploti ingeuliza televisheni yake mwenyewe iko wapi, na jibu lilikuwa limekaa pale mlangoni na gazeti. Alimsitiri. Na baba, nina hakika, alijua anasitiriwa, na hakuinua hata macho. Hilo ndilo linalonichoma. Kudanganywa na ndugu yako si dhambi, sote tuna ndugu.

Baadaye tulisikia kwamba televisheni ile iliuzwa kwa hoteli moja huko Dagoretti, karibu na machinjio. Kwa hiyo mama alionekana kwenye televisheni yake, kumbe, akitazamwa na wanaume wanaokunywa supu. Mvumilivu hula mbivu, alikuwa akiwaambia wateja waliolia kichwa kinauma. Yeye alivumilia, mbivu wakala wengine. Na analogi haikuzimwa mwaka ule, wala uliofuata. Nilimaliza shule, nikapata kazi, nikawanunulia televisheni ya mtumba, na bado eriali zilikuwa zimejaa kwenye paa za Riruta.

Siku ilipozimwa kweli, nilikuwa nimewatembelea. Tulikuwa tunatazama habari, sote watatu, kioo kikawa cheusi. Baba, mvi kichwa kizima, akaketi wima. Sijawahi kumwona amefurahi hivyo.

"Si niliwaambia? Si niliwaambia analogi itazimwa?"

Mama alikuwa anafuma kitambaa. Hakuinua macho.

"Uliwaambia watu wote, Baba Njeri. Mimi ndiye hukuniuliza."

Baba alianza kupapasa matakia akitafuta rimoti, na rimoti alikuwa ameishika mkononi.