Ile ya Shingo Ndefu

Ukisikia nyundo Buyenzi, ujue ni bodi ya gari inanyooshwa. Nyundo ya Tajudini ilikuwa ndogo kuliko zote mtaani. Alikuwa seremala, na kibanda chake kilibanwa katikati ya gereji mbili. Humo alitengeneza ukulele, yale magitaa madogo ya nyuzi nne ambayo mtu huyapakata kifuani kama mtoto mchanga.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Gaspard, mwalimu wa mtaa wa Kamenge. Jumapili akitoka misani alipitia pale, na ubishi wao ulikuwa mmoja tu: umbo. Tajudini alikuwa amekwisha kujaribu tumbo la nanasi, lisilo na kiuno, na tumbo la samaki, jembamba mkiani. Alijaribu hata tumbo la pembe nne kama sanduku. La samaki lilitoa sauti kali inayowahi kufa. La sanduku lilitoa sauti nzito, ikakawia hewani.

Kisha wakaingia kwenye shingo. "Shingo fupi ni ya watoto," Gaspard alikuwa akisema. "Ile ndefu inapumua. Piga we, Taju, mi nisikie." Yeye mwenyewe hakupiga. Alisimama amefumba macho, mkono wa kushoto mfukoni, na Tajudini akadhani ndiyo adabu ya walimu.

Siku moja Gaspard aliagiza ya kwake, akashindwa kuchagua. Tajudini akamtengenezea mbili, ya samaki yenye shingo fupi na ya sanduku yenye shingo ndefu, akazitundika ukutani. "Utakuja kuchagua," akamwambia.

Hakuja. Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, vita vikaingia, mji ukachanika kama kanga kuukuu, na watu wa Kamenge wakakimbilia vilimani. Mmoja alisema amemwona Gaspard kando ya barabara amelala kifudifudi. Mwingine akaapa kwamba alivuka mpaka. Maiti haikuonekana, wala kaburi.

Basi bomu likapasuka huko vilimani, na Tajudini akasikia mvumo nyuma yake. Ile ya samaki ilikuwa kimya. Ile ya shingo ndefu nyuzi zake zilitetemeka, na hakuna aliyezigusa. Alikuwa fundi, alijua kwamba tumbo pana na uzi mrefu huitikia mshindo wa mbali. Akili ilijua, moyo ukakataa.

"Gaspard?" akaita taratibu.

Toka hapo, kila mizinga ilipolia, ukulele iliitika, naye akaijibu. Aliisimulia bei ya mchele, nani kahama, nani kazikwa. Mkewe, Fatouma, aliyasikia yote kutoka uani, akaendelea kupepeta. Wateja walipoinyooshea kidole, Tajudini alisema ina mwenyewe.

Miaka ikapita hivyo. Mwaka wa elfu mbili na tatu, siku chache baada ya mabomu kuangukia mtaa wa Kinanira, mwanamke mmoja mwembamba alisimama mlangoni. Alikuwa Jovithe, mke wa Gaspard, aliyerudi peke yake kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania.

"Karibu, shemeji," Tajudini alisema. "Kitu chake kipo. Nimekichunga." Akaishusha ile ya shingo ndefu, akaifuta vumbi kwa kanzu yake.

Jovithe akaitazama. "Apana, shemeji. Hii si yake."

"Ndiyo aliyoipenda! Kila Jumapili aliisifu."

"Aliisifu kwa sababu hakuiweza." Jovithe akainua mkono wake wa kushoto, akakunja vidole viwili. "Walimupiga akiwa kijana, hivi viwili vikafa. Aliona haya kukuambia, we fundi. Nyumbani alikuwa anataja ya samaki tu. Shingo fupi, vidole vitatu vinafika."

Akaichukua ile ndogo, akaikumbatia, akaenda zake. Tajudini alibaki na ile ndefu mkononi. Miaka yote hiyo alikuwa akizungumza na nani?

Jioni mizinga ikalia tena, na nyuzi zikavuma. Alitafuta koleo azikate.

"Usithubutu," Fatouma alisema. Alikuwa amesimama kizingitini, ungo mkononi. "Huyo ni Musafiri."

Musafiri alikuwa kaka yake Fatouma, dereva wa lori, aliyetekwa kwenye njia ya Bugarama akateketea na mzigo wake.

"Na wewe unamsikia?"

"Toka mwaka aliokufa. We ulikuwa unaongea na wako, mi nikanyamaza na wangu."

Tajudini akaweka koleo chini. Hata vita vilipokwisha hawakuiuza ukulele ile; radi ikipiga vilimani, bado iliitika. Majirani nao walianza kuja, mmoja mmoja, wakiona aibu, wakaomba wakae kidogo chini ya ukuta ule. Fatouma aliwatandikia mkeka, wala hakumwuliza mtu anamsikiliza nani.