Siku Niliyomfisha Fundi wa Angani

Hii nnaisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wifi zangu, maana wao huitia chumvi, nayo haina haja ya chumvi, aibu yake inatosha.

Nlikuwa na miezi minne tu katika nyumba ya mume wangu, Kikwajuni, nasomesha darasa la tatu, na mama mkwe wangu, Bi Asha, alishautangazia mtaa mzima kwamba mke wa mwanawe anajua Kiingereza. (Nkijua cha kitabuni: hiki kikombe, kile kiti.) Televisheni ilikuwa ndiyo kwanza imeingia Unguja, ya rangi, imewekwa ukumbi wa mtaa, na jioni moja baada ya Magharibi tukenda na mikeka yetu kutazama mchezo wa mabaharia wa angani, watu saba ndani ya chombo kinachosafiri baina ya nyota, na wallahi nlipokiona kile chombo cheupe kinavyogeuka taratibu kwenye kiza nlisahau hata kufumba mdomo.

"Wanasema nini, mwanangu?" Bi Asha akauliza kwa sauti.

Nngesema sijui, mambo yangeishia pale pale. Lakini wanawake wote walishanigeukia, nami nkasimama (nkasimama, jamani!) nkaanza kufasiri.

Mwanzo nlikwenda vizuri, kwa kuwa picha zenyewe zilikuwa zikisema. Chombo kimeharibika, hewa inapungua, na fundi wao, kijana ambaye nahodha akimwita Pita (watoto walilipenda mno jina hilo), amevaa nguo nene akatoka nje kutengeneza. Mara nahodha akasema maneno mengi ya haraka na mwisho wake nkasikia "ded". Hilo nlilijua.

"Amekufa!" nkasema. "Fundi amekufa!"

Ukumbi mzima: "Inna lillahi!" Bi Asha akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa kwikwi, kijana wa watu, mama yake hata kaburi la kulizuru hana, na akina mama wengine wakafuatia, nami kwa kuona wanavyolia nkaongeza (Mungu anisamehe) kwamba ameacha mke na watoto wawili.

Haikupita muda mlango wa chombo ukafunguka, fundi akaingia, akavua kofia, anacheka.

"Si marehemu huyo?" akauliza Bi Asha.

Hapo pia nlipata nafasi ya kukiri. Nkasema: "Huyo pacha wake."

Nahodha akamkumbatia akipiga kelele, "Pita! Pita!" na watoto wote wakaitikia, "Pita!" Ukumbi ukaangua kicheko, mzee mmoja akaporomoka kwenye benchi.

Nyuma kabisa alikuwapo Bi Salma, mama mtu mzima aliyekuwa akifagia ukumbi ule. Akasema kwa upole, "Mwanangu, iliyokufa ni redio yao, si mtu." Kumbe alilea watoto wa daktari wa Kizungu miaka mingi, na hakuwahi kujisifia kwa mtu.

"Kaa chini," Bi Asha akaniambia, bila ya kunitazama. "Bi Salma, tufasirie wewe."

Akafasiri hapo hapo alipokaa. Daktari wa chombo, mwanamke, alikuwa akisema hewa haiwatoshi wote mpaka wafike, basi yake yeye ipunguzwe, alazwe usingizi, wakijaaliwa kufika watamwamsha. Nahodha akakataa. Ndipo wale wengine, mmoja mmoja, wakasema: punguza na yangu. Hapo sauti ya Bi Salma ilitetemeka, nami nkalia, na machozi yale hayakuwa ya aibu. Mpaka leo sijaona mchezo ulionigusa vile.

Tulipofika mlangoni kwetu Bi Asha akanigeukia. "Na hao watoto wawili," akauliza, "uliwatoa wapi?" Akanitazama, halafu akacheka mpaka akashika ukuta.

Siku ya pili yake nkapiga hodi kwa Bi Salma na daftari langu mkononi, nkamwambia, "Shikamoo. Nimekuja kusoma." Akanisogezea kigoda. Na tangu hapo nisichokijua nnasema sikijui, hata mbele ya wanafunzi wangu, na ajabu yake hajatokea hata mmoja akanicheka.